Chumvi ya Begani

Salome Ntahondi, mweka hazina wa kwaya,
alikunja mwavuli mlangoni pa duka letu, Mwanga,
akaweka elfu kumi na tano juu ya mashine ya fotokopi:
"Bango. Heri ya Krismasi.
Nataka herufi ziwe na theluji."

Nje, mvua ya Desemba ilikuwa inaburuta udongo mwekundu
kutoka mlimani kuelekea stesheni.
Theluji, dada?
"Theluji. Kama za kwenye kadi.
Na zile zinazoning'inia."

Nikafungua kompyuta. Fonti mia tatu na ushei
zimebanana kama abiria wa behewa la tatu, kila moja na mzigo wake.
Hii ina mikia, itawakwama wazee machoni.
Hii nyembamba kama mwiba wa dagaa,
theluji ikiikalia itavunjika.
Hii hapana, hii ni ya matangazo ya misiba;
mtu wa Kigoma akiiona tu
anaanza kutafuta jina la marehemu.

Nikachukua nene, yenye mabega.
Maana theluji (hili nililigundua mwenyewe
saa tano usiku, chai imeshapoa)
hukaa penye bega.
E ina rafu tatu.
I inavaa kofia yake na kunyamaza.
Y inakinga kwa viganja viwili.
Lakini A haina bega. A ni paa la bati,
kinachoishukia kinateleza huku na huku,
na lugha yetu imejaa A.

Nilipaka weupe mtupu: ukawa unga uliomwagika.
Nikatia buluu kwenye kivuli: povu la sabuni.
Nikanyunyiza vimetameta: harusi,
na bibi harusi amechelewa.

Nikamtumia picha Edina, dada yangu,
anayeogesha wazee katika mji wa Ufini
ambao nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka jina lake.
Akajibu kwa sauti, pumzi fupifupi, kama anatembea:
"Ondoa kumeremeta. Theluji haina kelele, mdogo wangu.
Asubuhi ya kwanza nilidhani nimekuwa kiziwi.
Achanisha herufi. Ziache zisisikiane.
Halafu, mwaka huu mmekamua mawese?"

Umeme ukakatika kabla sijajibu.

Gizani akanijia baba
siku za kurudi kutoka Uvinza,
chumvi imemkaukia kwenye shati, juu ya mabega,
mstari mweupe usio na mng'ao,
kingo zake zimemung'unyika.
Mama alimkung'uta uani bila neno.
Sisi tulilamba vidole.

Uliporudi umeme, mkono ulikuwa umeshajua.
Nyota zote, nje.
Herufi nikaziachanisha upana wa kidole,
kila moja nikaitwika chumvi ya baba:
nzito kushoto, alikozoea kuweka gunia,
kulia vumbi tu.
Kwenye A niliacha punje chache
chini, miguuni, zilipoangukia.

Salome akatazama, kichwa upande.
"Mbona sizioni zinazoning'inia?"
Hapajapoa vya kutosha, nikamwambia.
Akacheka. Akapunguza elfu mbili.

Bango likafungwa kamba nne mbele ya kanisa,
mvua ikalicharaza siku tatu,
magari yakalirushia tope hadi kwenye tumbo la R.
Nyeupe ikabaki juu, palepale begani.

Jumamosi nikipita na mkate,
mtoto alisimama chini yake, kandambili mkononi:
"Mama, ile ni chumvi?"
Mama alikuwa anatafuta pa kukanyaga,
hakusikia.
Mimi ndiye niliyejibu, ingawa sikuulizwa:
Ndiyo.