Pazia la Ngozi

Milimani Meksiko, shimo kubwa lapumua,
miwa, moshi wa majiko ya sukari, na mvua.
Nimekuja na mfuko wa chupa za kuchukua
samaki wa kupeleka chuoni kuwapasua.

Macario kanishusha kwa kamba hadi gizani,
akaja, taa kawasha, tukainama majini.
Samaki wakanitisha: ngozi tupu, bila mboni.
Macho hayana pazia; haya yana, tazameni!

“Hawa waliadhibiwa, waliona ya aibu,”
asema. “Bibi ajuwa, alijuwa hata babu.”
Sikucheka. Nilitowa kitabu, nikamjibu:
“Hakuna aliyekosa, ni giza tu na hesabu.

Mto uliwasukuma, wakakosa pa kutoka.
Jicho linalotazama hula bila kutosheka,
na mlo wa humu, jama, mavi ya popo, na taka.
Mwenye jicho dogo dogo ndiye wanawe wavuka.

Kizazi hadi kizazi, bila fundi, bila nia,
ikatambaa tu ngozi juu ya jicho, pazia.”
Akauliza: “Mwokozi hakuona haya pia?”
Nilizima taa. Giza.
Macho yakatuishia.