Ukurasa wa Themanini na Tatu

Kilikuja kimefungwa kwa gazeti la Jumanne,
mgongo umevunjika, nyuzi zimechomoza kama mbavu.
Aliyekileta alisimama mlangoni mwa kibanda changu, Mtaa wa Kirinyaga,
sweta ya kijani iliyozidi mikono,
akangoja honi za karakana zinyamaze
ndipo aseme: "Kishone, mzee. Lakini usiweke jina lake juu."

Nimeshona Biblia, nimeshona madaftari ya vyama,
na tasnifu za Chuo Kikuu ambazo hata aliyeziandika hajazirudia.
Sisomi kazi za wateja.
Ila gundi ya unga haikauki upesi mwezi wa Julai,
na Julai ya Nairobi unaijua, baridi inatafuna vidole.
Nikawasha jiko. Nikafungua.

Hadithi ya kijana wa miaka kumi na sita,
mji wa mbali, theluji, mabasi ya njano.
Alipozaliwa wakasema mvulana. Yeye anasema sivyo.
Hamna joka humo, hamna vita. Kuna mama anayekoroga supu bila kunena,
kuna choo cha shule chenye milango miwili
na kijana aliyebana mkojo tangu saa mbili hadi saa tisa.

Hapo nikavua miwani.
Miaka hamsini na minane, na mlango wa choo
kwangu ulikuwa mlango tu.

Kiingereza kilinipa taabu. Kila sentensi kilinidai:
wa kiume huyu? wa kike? lipa kwanza ndipo upite,
kama askari wa kanjo na kitabu chake cha risiti.
Nikahamia Kiswahili nilichonyonya Majengo,
nikasoma kwa mnong'ono, midomo ikitembea:
amekuja. amevaa gauni la dada yake. ameonekana. analia.
*A* moja tu, ikatosha.
Haikuniuliza kitu.

Usinisifie lugha lakini.
Hiyo hiyo ina matusi yake, nayajua, niliyatumia.
Tulikuwa na Sefu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyependa kusuka.
Tulimpa jina ambalo sitaliandika hapa.
Siku moja hakuwepo. Watu wakasema amekwenda pwani,
na hakuna aliyeuliza pwani ipi.

Ukurasa wa themanini na tatu haukuwepo.
Ulichanwa kwa mkono, ukingo umebaki na meno.
Wa themanini na mbili, mama ameshika kitasa cha chumba cha mtoto.
Wa themanini na tano ni asubuhi, wanakula mkate.
Nililala na hicho kitasa.

Ijumaa akaja. Jalada la kitambaa cha buluu,
tupu, kama alivyotaka. Akalipitisha shavuni.
Nikamwambia: kuna karatasi imepotea.
Yule mama alisema nini?

Akatazama ng'ambo, gari limepanda jeki, miguu ya fundi chini yake.
"Haijapotea," akasema. Akagusa mfuko wa shati,
ndani ya sweta, upande wa kushoto.
Hakuitoa. Sikuiomba.

Nikavuta kitabu cha risiti. Jina?
Beji ilisema Mutinda.
Honi ikalia, nyingine ikajibu, akangoja.
"Andika Ndanu."

Nikaandika, nakala mbili, kaboni katikati:
Ndanu, kushona na jalada, mia mbili na hamsini.
Alisoma yake polepole, kama mtu anayekagua chenji,
akaikunja mara nne,
akaipeleka kule kule, mfuko wa kushoto.
Alikuwa na mia mbili kamili. Nikamwambia hamsini ataleta siku yoyote.

Hajaleta. Nakala yangu imo kwenye droo,
juu ya risiti za ngozi na uzi.
Saa kumi na robo, shule zikifunguliwa,
viatu vikipita lamini nainua kichwa,
gundi ikidondoka kwenye goti.