Biriani ya Asumini

"Uzeni," alisema Mwalimu Mwanakheri,
"kitu ambacho Amu nzima hukiruka."
Tukacheka. Famau akaazima ufagio.

Alfajiri, vichochoro vya Mkomani,
akazoa mavi ya punda
kabla viatu vya waumini havijayakuta,
akayaanika darini, mamake kajifunga leso puani,
akayatia pakiti kuukuu za unga, akaandika:
Biriani ya Asumini.
Shilingi thelathini.

Kufikia Alhamisi zote kumi na mbili zimekwisha.

Leo yuko mbele ya darasa na daftari:
pakiti, bure;
kalamu ya wino, ishirini;
faida, mia tatu na arubaini.

Mwalimu anapitisha kidole, kidole kinasimama.
"Na mgongo wako, Famau,
umeuandika wapi?"

Famau anajishika kiuno.
Anaomba kifutio.