Hesabu ya Jiko

Wavu wa jiko ulianguka Jumatano,
maharage hayajaiva hata nusu.
Makaa yakatawanyika sakafuni, nyumbani kwetu Barabara ya Nane,
na Mwanakheri akaruka kama msichana,
kisha akakohoa kama siye.

Miaka ishirini na saba nilihesabu marobota ya mkonge ya watu.
Sikukosea hata robota moja.
Nikasema: jiko jipya la nyumba hii
litachaguliwa kwa kalamu.

Nikanunua daftari kubwa, nikachora safu nne:
mkaa, gesi, umeme,
na jiko la udongo la yule kijana wa Pongwe
aapaye kuwa debe moja la mkaa linakwenda wiki mbili.
(Nilimuuliza: kwa nyumba ya watu wangapi?
Akasema naishi peke yangu, nakula kwa shangazi.)

Mbwana wa dukani akanipa mtungi niupime kwa mkono.
"Una kasoro moja," akasema, "ukitaka kwisha hauagi."
Nikaandika: hauagi.

Mkwe wangu Semkiwa akaleta sufuria yake ya umeme,
ile ya kufunga kwa kuzungusha kifuniko.
Nusu kilo ya maharage, maji, chumvi baadaye.
Nikasimama mbele ya luku kama mtu anayetazamia mwezi uandame.
Nambari zilishuka kwa uchoyo.
Maharage yakaiva, yuniti moja haijaisha.
Nikapiga mstari chini ya safu ya tatu,
mistari miwili, kama tulivyofunga mwaka ofisini.

Mwanakheri akapita na ungo. Hakusoma.
"Na mkate wa kumimina?"
Mkate wa kumimina unataka moto chini
na moto juu ya kifuniko, wa juu uzidi wa chini.
"Safu ipi ina moto wa juu?"
Sikuwa nayo.
"Na umeme ukikatika Ramadhani,
futari ya mihogo ingoje mafundi?"
Nikageuza daftari upande, nikachora safu nyingine.
"Na udi? Utafukizia waya?"

Jumamosi asubuhi ukurasa haupo.
Nikaenda uani. Jiko lile lile,
wavu ameushikiza kwa spoki za baiskeli,
moto umeshika, na pembeni ya makaa
kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu,
*jumla ya*,
kinajikunja, kinakuwa cheusi.
"Nilitaka kitu kikavu," akasema. "Mvua ilipiga usiku."
Akageuka ukutani, akakohoa.

Nilikuwa nimehesabu gunia na mchukuzi wa gunia,
mtungi, yuniti, nauli, hata kiberiti.
Kikohozi sikukipa safu.
Kikohozi cha kila alfajiri, akiwasha moto wa chai,
saa yangu ya kuamkia, isiyohitaji betri.

Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.
"Haya, sema wewe. Mimi niandike."

Akasema huku anachagua mchele, hakuinua uso:
maharage, kande na makongoro, sufuria ya umeme.
Chai na kukaanga, mtungi mdogo,
na wa pili ukae umejaa, maana huyo hauagi.
Mkate na udi, makaa ya vifuu,
konzi mbili, nje, upepo upite.
Akataja na bei, moja moja, mpaka ya mpira wa gesi.
Nikajumlisha. Ilikuwa chini ya yangu kwa elfu kumi na moja.
Nikarudia mara tatu nikitafuta kosa lake.

Jiko bovu tulimpa muuza vyuma chakavu,
akalipima, akatupa shilingi mia sita,
nikaziingiza kwenye mapato.

Hii ni wiki ya tano.
Alfajiri imenipita mara mbili, nimelala,
jua limefika miguuni pa kitanda
na chai iko mezani, imefunikwa kisahani,
imeshapoa.