Kisima cha Kumi na Tisa

Visima ishirini vya Kisauni, niliandika,
chumvi yake nimeipima kwa mkono wangu.
Uongo. Cha kumi na tisa kilikuwa na kufuli,
Bi Mwanamkasi kaenda matangani Likoni,
nami, jua la utosi, nikakisia:
katikati ya jirani zake wawili.

Jarida limekubali. Mhariri kasifu
mstari wa grafu ulivyonyooka.

Usiku huu, Tudor, umeme umerudi,
nafuta tarakimu moja.
Mstari umeota pengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Kesho nitamwandikia: vilikuwa kumi na tisa.
Na Chengo, aliyebeba ndoo,
si wa shukrani chini ya ukurasa;
ni mwandishi mwenzangu.

Kisha nitakwenda kwa Bi Mwanamkasi,
nibishe hodi,
niombe maji.