Safu ya Nane

Daftari langu lina safu saba:
tarehe, jina, umri, kijiji, dalili, dawa, hatima.
Hakuna safu ya kiboko.

Ndiyo maana Ocitti, askari wa hifadhi kule Katwe,
alipohesabu viboko kumi na mmoja wakielea,
matumbo juu, miguu imekakamaa,
aliandika katika daftari lake la kijani
akalipeleka kwa wakubwa wake wa wanyama.
Ndiyo maana Daktari Nuwamanya
alipokuta ng'ombe watatu wamelala Kahendero,
damu puani, nyeusi, imekataa kuganda,
alijaza fomu yake ya bluu
akaipeleka kwa wakubwa wake wa mifugo.
Nami, hospitali ya Bwera, chumba cha kumbukumbu,
Jumanne hiyo hiyo nikaandika:
Mbusa, miaka kumi na tisa, muuza ngozi,
kidonda mkononi, cheusi katikati, hakiumi.
Nikakipeleka kwa wakubwa wangu wa watu.

Kalamu tatu, kifo kimoja.
Kila karatasi iligongwa muhuri.

Nyama haikungoja muhuri.
Ilikatwa usiku, ikakaushwa kwa moshi,
ikapanda baiskeli, ikavuka mto.
Sisi huuandika Lhubiriha, wenzetu Lubiriha:
hata mto hudondosha herufi darajani.
Na saa nayo. Ukitoka Mpondwe saa mbili asubuhi
unaingia Kasindi saa moja.
Wachuuzi hucheka kwamba wamepewa saa ya bure.
Homa nayo imepewa.

Upande ule kuna muuguzi, Kavugho.
Mimi ni Kabugho. Jina ni lile lile,
la binti wa tatu;
mpaka umepita kati ya b na v.
Alinipigia kwa Kiswahili chake cha Kongo, kinachokimbia:
"Dada, niko na batu ine hapa,
biko na vidonda vyeusi sawa makala."
Kwenye karatasi zake ugonjwa ni makaa, kwa Kifaransa.
Mdomoni mwangu ni kimeta,
neno zuri mno, kama shanga.

Nikamuuliza: walikula nini?
Kimya. Nikasikia kuku wake.
"Kiboko," akasema.
Nikashika kiti.

Usinipe sifa. Sikugundua kitu.
Niliazima simu ya mlinzi, yangu haikuwa na salio,
nikampata Ocitti, nikampata Nuwamanya zizini,
mkono wake umezama ndani ya ng'ombe anayezaa;
akasema subiri, nikasubiri.
Watu wanne, dakika sita.
Ya saba ilikatika.

Baadaye Kampala wakafanya mkutano. Nasikia
palikuwa na wizara tatu, maji ya chupa,
na neno USHIRIKIANO ukutani,
kubwa kuliko madirisha yetu.
Sisemi kwa ubaya. Chanjo ya ng'ombe ilikuja,
na chokaa ya kuzikia viboko ikaja.
Mbusa alipona; kovu lake hulionyesha kwa shilingi mia.
Wa Kavugho, wawili walipona.
Wawili hawakuwa na safu kwangu.

Mimi nilichukua rula.
Baada ya hatima nikapiga mstari, kwa penseli,
safu ya nane: Wengine wameona nini?
Mkaguzi akauliza ni nani aliyeidhinisha.
Nikamwambia, kiboko.

Kila Ijumaa, siku ya soko, nampigia Kavugho,
saa nne kwangu, saa tatu kwake.
Mara nyingi hana kitu: kikohozi, kuhara, mvua,
mbuzi wa jirani aliyekula sabuni.
Naandika "hakuna", na hiyo nayo ni habari.

Leo simu inaita, inaita.
Saa nne na nusu.
Nimelaza penseli juu ya safu
kama mtu anayemshikia mwenziwe nafasi
kwenye foleni.