Fomu Kumi na Moja

Wanafunzi tisini na sita,
fomu kumi na moja.
Hata yule wa mwaka wa kwanza anayechelewa kila Jumatatu
angekataa kutafuta wastani wa hizo.
Lakini idara imeutafuta, ikaupata:
tatu nukta nne kati ya tano,
na mshale mwekundu unaotazama chini.

Ni Desemba, Aberdeen. Saa tisa na nusu alasiri
jua limekwisha kuaga, mawe ya kijivu ya mji
yamerudia rangi yake, na shakwe
wanagombea chipsi chini ya dirisha langu
kana kwamba nao wameombwa maoni.

Nasoma.
"Ana kasi. Anafuta ubao kabla sijafika katikati."
Kweli. Nakubali.
"Mifano zaidi, uthibitisho kidogo."
Sawa na kumwambia mwokaji: mkate zaidi, unga kidogo.
"Chumba kina baridi." Hilo, mpenzi, si somo langu,
ingawa hata mimi nafundisha na koti.
"Viatu vyake vizuri." Asante, nadhani.

Halafu huyu:
"Anaongeza irabu mwishoni mwa kila neno.
Wiki mbili nilidhani 'seti' ni kitu kingine kabisa."

Nimecheka peke yangu, kisha sikucheka.
Miaka kumi na minne katika nchi hii
nikidhani irabu zangu zilibaki forodhani.
Kumbe zilinifuata, moja moja,
kama watoto wasiotaka kuachwa nyumbani.

Ewe usiye na jina, kwetu neno halifungwi.
Linaisha mdomo ukiwa wazi.
Ni lile somo la wiki ya tano mlilolalamikia:
seti wazi, isiyomiliki mpaka wake,
kila nukta iliyomo ina pumzi pande zote.
Ningekuwa na akili ningeanzia hapo.

Chini kuna kisanduku: *Hatua atakazochukua mhadhiri.*
Kwanza niliandika hivi:

Mwanambia taratibu, mwendo wangu mwaupima,
Nami nakosa jawabu, kwa fomu isiyosema,
Nipeni japo sababu, ya tatu hii alama,
Kosa langu ni hisabu, au ni yangu kalima?

Nikafuta. Kisanduku kinapokea herufi mia mbili
na hakijui vina.

Mwalimu Mkwizu, aliyetufundisha logarithimu pale Mombo
kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za majibu,
hakupewa fomu. Alipewa shikamoo,
watoto arobaini na watatu kwa sauti moja, tumesimama,
na ndani ya shikamoo ile hapakuwa na mahali
pa kusema kwamba hatujaelewa.
Hatukuelewa. Tuliketi. Aliendelea.
Nadhani angependa kujua.

Fomu ya mwisho ni ndefu, nimeichelewesha kwa woga:
"Jumanne moja nilimuuliza swali lililotoka nje ya kitabu.
Akasimama na chaki mkononi. Akasema, sijui.
Alhamisi akaja na kurasa mbili, akaanza nazo,
kabla hata ya kuvua skafu.
Sijawahi kuona mtu mzima akifanya hivyo.
Nimempa tatu kwa sababu jaribio nilifeli."

Huenda ni Eilidh wa safu ya nyuma,
au yule Fraser anayeingia na gurudumu la baiskeli.
Kanuni zinanikataza kukisia. Nakisia.
Nimeisoma tena, nikiruka sentensi ya mwisho,
halafu nikaisoma hiyo peke yake.

Shakwe wameondoka. Kisanduku kinasubiri.
Naandika: *Nitafuta ubao polepole.*
Zimebaki herufi mia moja sabini na saba.
Sina la kuongeza,
ila irabu.